Protase Anawatafutia Samaki Wake Mshenga

Mtu akikwambia kwamba kule Nyakahanga, katikati ya migomba na mibuni, kuna mzee anafuga samaki wa maji ya chumvi, usimbishie. Mimi nilibisha, nikaumbuka. Mzee mwenyewe ni jirani yangu Protase. Alifanya kazi miaka ishirini na mmoja kwenye hoteli moja ya pwani, akisafisha tangi la samaki lililokuwa mapokezi. Hoteli ilipofungwa, wenzake waliondoka na magodoro na televisheni. Yeye akaomba kasha dogo la kioo, urefu wake kama mkono wa mtu mzima, akalipakata kwenye basi hadi Karagwe. Ukaidi wa namna hiyo hauna dawa hospitalini.

Kasha likakaa sebuleni, chini ya picha ya harusi. Ndani kulikuwa na mawe ya matumbawe, pampu ya umeme wa jua, na maji aliyoyakoroga kwa chumvi maalumu iliyoletwa kwa mfuko. Kuna mjinga mmoja alimuuliza kwa nini asitie tu chumvi ya mboga. Mjinga huyo ni mimi.

Sasa sikia kosa lake. Kusafisha Protase alikujua sana, ila kule hotelini samaki walichaguliwa na wengine. Alipoachiwa kuchagua mwenyewe, akachagua kwa ukoo, kama tunavyofanya huku. Aliagiza wawili wa bluu, wa aina moja, akisema ndugu watapatana. Ndugu! Kana kwamba hajawahi kuona watoto wa baba mmoja wanavyofanyiana kwenye mpaka wa kibanja, shamba la migomba. Fahali wawili hawakai zizi moja, na hao walikuwa fahali wa urefu wa kidole. Wiki haikuisha, mmoja akamuua mwenzake kwa sababu ya pango moja la jiwe.

Akaagiza wa njano, mpole, mzuri wa kutazama. Yule wa bluu alimkimbiza hadi maskini akaruka nje ya maji, na paka akamwahi nyuma ya kochi. Hapo mkewe, Beata, akachoka. Vifaranga wake walikuwa wanakufa kwa baridi, na kila alipolitazama lile kasha aliona nyumba ya kuku yenye kuta za kioo.

"Baba Dastan," alimwambia mumewe, "akifa mwingine, humo naweka vifaranga."

Beata akisema neno amesema. Protase alilipenda lile kasha kuliko koti lake la kanisani. Ndipo akaamua kwenda kwa Bibi Costansia, mshenga wetu, ambaye ameunganisha ndoa zaidi ya arobaini na hakuna bibi harusi wake aliyewahi kurudishwa kwao. Nilimsindikiza. Sitaki kusema uongo, nilikwenda kumwona akiaibika.

Alipoamkiwa na kuelezwa shida, Bibi Costansia alicheka mpaka akafuta machozi kwa kanga. Kisha akakunja uso akataka kujua nani aliyewachunguza hao samaki kabla hawajaja. Protase akaanza kukagua kucha zake kama mwanafunzi ambaye hakufanya kazi ya nyumbani. Bibi akadai apigiwe simu muuzaji, dada mmoja wa Dar es Salaam aitwaye Evelyn, na akamhoji kama anavyohoji upande wa bibi harusi. Anakula nini? Ana hasira? Akikua anafika wapi? Analala juu, katikati au chini? Ameshawahi kumng'ata mtu?

Evelyn mwanzoni alicheka, baadaye akaanza kujibu kwa adabu. Akamsifia samaki mmoja mwenye mapezi yaliyotanuka kama maua, mrembo kupita kiasi. Bibi akauliza chakula chake. Kumbe anameza wenzake wadogo wazima wazima. Bibi akasema mrembo wa kumeza mashemeji abaki huko huko. Wakafikia samaki mdogo mwenye madoa, anayekaa chini mchangani, shimo moja na kamba wa baharini. Kamba haoni vizuri lakini anachimba kutwa nzima. Samaki hafanyi kitu ila kusimama mlangoni na kulinda.

"Hao nawajua," Bibi alisema. "Ndizo ndoa zote za hapa."

Basi wakaagizwa. Naye yule wa bluu Bibi aliamuru atolewe, akae kwenye beseni siku kadhaa, na mawe yote yapangwe upya. Alisema anayetangulia kuingia hujiona mwenye nyumba, kwa hiyo wageni wazoee kwanza, na yeye arudi akiwa mgeni. Protase alitii kila neno. Wa bluu aliporudi alizunguka mara tatu akitafuta pango lake, hakuliona, akanywea. Ungemuonea huruma kama usingemjua.

Asubuhi iliyofuata nikasikia naitwa kwa kelele. Nilikimbia nikijua mtu amekufa. Kumbe yule kamba alikuwa anasukuma kitu cheusi kukitoa shimoni kwake, na kitu chenyewe kilikuwa buni. Akamwani, waitu, jamani! Ile buni iliyochemshwa na kukaushwa ambayo kwetu mgeni hutafunishwa kabla ya chochote. Protase akanigeukia mimi. Niliapa kwa Bwana Yesu kwamba si mimi.

Beata akatokea mlangoni.

"Mgeni ameingia nyumbani kwangu," alisema. "Nisimpe hata akamwani?"

Protase akamweleza kwamba kahawa ni sumu kwa hao. Sijawahi kumwona Beata akiogopa, siku hiyo nilimwona. Alizamisha mkono hadi kwenye kiwiko, akaitoa ile buni, akavuta kigoda akakaa mbele ya kioo kuhesabu pumzi za samaki. Maharage yaliungua jikoni na hakunyanyuka. Saa nane mchana yule wa madoa akatoka mlangoni, akala, akarudi zamu yake.

Protase akapata ujasiri wa kumchokoza. Akamuuliza, je, kama angekufa, angeweka vifaranga?

"Ningeagiza mwingine," Beata alisema, macho yake bado kwenye kioo. "Na huyo ningemchagua mimi."