Nta ya Nyuki kwenye Mkia wa Roketi

Nianze na aibu yenyewe ili tumalizane nayo: mimi, mama mzima mwenye wajukuu tisa, niliingia chini ya meza ya wageni shuleni kwa mjukuu wangu Rehema, na kosa lilikuwa langu.

Rehema yuko kidato cha tatu hapa Misigiri. Shangazi yake alimtumia kutoka Dar boksi la vipande vya roketi ndogo, unaunganisha mwenyewe, inaruka kwa baruti kidogo, na siku ya maonyesho kazi moja tu ingechaguliwa kwenda Singida mjini. Mtoto akaunganisha wiki nzima. Lakini kibawa kimoja cha mkiani kilitoka boksini kimepasuka, akasema tusikiguse mpaka apate gundi Kiomboi. Mimi (darasa la nne sikumaliza, lakini vibuyu nimeziba tangu sijavunja ungo) nikaona gundi ya nini. Alipokwenda kisimani nikayeyusha nta ya nyuki, nikaziba ufa, nikalainisha kwa kidole, kikapendeza. Aliporudi akauliza nimeweka nini. Nikasema gundi ya dukani, nimeomba kwa fundi viatu. Akanishukuru, na mimi nikapokea shukrani hiyo bila haya.

Siku ya siku nikajiweka mstari wa mbele, kila anayepita namwambia ile roketi na mimi nimeishika. Mgeni rasmi wa saa tatu akafika saa saba, na roketi imesimamishwa juani muda wote huo. Nta mnaijua jua likiipata. Nikaona kibawa kinalegea kama sikio la mbuzi, nikanyamaza, maana nikisema nimeumbuka.

Rehema akawasha. Roketi ikapanda kama urefu wa nguzo ya umeme, ikapinda, ikageuka, ikaja kwetu inapiga mluzi, watu tukatawanyika, kanga yangu ikabaki kwenye kiti, nikazama chini ya meza, nikamkuta mgeni rasmi keshafika.

“Shikamoo mama,” akasema.

“Marahaba baba, poleni na safari,” nikajibu (ningesema nini tena?).

Roketi ikaishia kwenye beseni la kachumbari. Mwalimu akaitoa, akanusa mkia, akamuuliza Rehema alitumia gundi gani. Akasema ya dukani.

“Hii ni nta, Rehema. Unadanganya mbele ya wageni?”

Mtoto akatazama kwenye meza yangu, machozi yanamlenga, hakunitaja. Hapo nikatoka kwa magoti nikasema mbele ya shule nzima kwamba nta ni yangu na uongo ni wangu. Watu wakacheka, hata yule wa chini ya meza nilimsikia. Jina la Rehema likasafika, lakini safari ya Singida ikachukuliwa na jiko la jua la mwanafunzi mwingine.

Tulipokaribia nyumbani akaniambia: “Bibi, ungeniambia ni nta, ningeikwangua tu.”

Wanaonicheka wanadhani aibu yangu ni ile meza. Mwakani anajaribu tena, na nimemwahidi nitakaa nyuma kabisa, na akiniuliza lolote nitasema kweli, hata kama ni kwamba roketi nimeikalia.