Jenereta ya Mama Barafu

Umeme ulipokatika mtaani kwetu, hakuna aliyehangaika sana. Kila duka lilikuwa na jenereta yake, na jenereta zote zilikuwa na daktari mmoja: jirani yangu, Fundi Ngurumo. Jina hilo alipewa na mkewe, wala hakuwa anamsifu.

Alikuwa anagusisha ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini anauweka sikioni, anafumba macho, halafu anatamka ugonjwa. "Ringi zimekwisha." Ukibisha, anakufungulia mashine ujionee, kisha anakununia wiki nzima. Kiburi alikuwa nacho, na kwa kweli kilimstahili.

Kisha paneli za umeme wa jua zikaanza kupanda mapaani. Alianza mwenye duka la dawa, akafuata kinyozi, nikafuata mimi fundi cherehani, wala sioni haya. Sasa nashona bila moshi wa kunitoa machozi. Ngurumo alitucheka. "Ngojeni mawingu," alisema. "Mtarudi hapa mkinyata." Mawingu yakaja, betri zikahimili, na hakurudi mtu.

Waliokuwa wamemwachia jenereta zao azitengeneze nao hawakuja kuzichukua. Gereji ilijaa mpaka mwenyewe akawa anaingia kiubavuubavu. Na kila asubuhi aliziwasha zote, moja baada ya nyingine, zisije zikaganda. Mashine za watu, mafuta ya mfukoni mwake! Tulimsema, hakuambilika. Mkewe alifunga madirisha na kudai amechoka kuolewa na injini.

Tumaini lililobaki lilikuwa jenereta ya Mama Barafu, muuza barafu na samaki wa pale kona. Ilikuwa kubwa kuliko zote, na Ngurumo aliapa kwamba majokofu yale hayawezi kuendeshwa na jua. Aliifungua yote, akaifunga upya, akaipaka na rangi.

"Huyu akiichukua, nina kazi," aliniambia. "Asipoichukua, jirani, nifunge tu."

Nilimwambia atakuja, ingawa mwenyewe sikuamini.

Alikuja kweli, tena na pikapu. Ngurumo akamimina mafuta yake ya mwisho, akawasha. Injini ikaitika mara moja, safi, hata mimi nikaacha kushona nikatoka nje. Ngurumo akamtazama Mama Barafu kama mwanafunzi anayengoja maksi.

"Inaongea vizuri, fundi, mkono wako haujapotea," mama akasema. "Basi izime. Mimi nimefuata hiyo fremu tu. Nimefungiwa paneli, betri hazina pa kukaa, na sakafu yangu muda wote ni maji. Nipunguzie fremu iingie kwenye kona ya duka langu. Injini baki nayo."

"Nibaki nayo?"

"Uza chuma chakavu, baba. Mimi sina pa kuiweka."

Nilidhani atafoka, na angefoka ningefurahi. Aliiacha ikinguruma mpaka ikamaliza mafuta na kuzimika yenyewe, akafungua nati, tukasaidiana kuishusha injini chini. Kisha akatafuta pa kuchomeka grenda. Umeme ulikuwa umekatika, na katika mashine zote zile hakuna iliyobaki na tone. Akanigeukia. Nikavuta waya kutoka dukani kwangu, na kwa umeme wa paneli zangu akaikata ile fremu kwa kipimo alichopewa, akalainisha na kingo zisije zikamchana mteja. Nilishindwa kumtazama usoni.

Kesho yake mtaa uliamka kimya. Nilikuwa nafungua duka nilipomwona mkewe akikimbia peku kuelekea gereji. Nikamfuata mbio, maana sote wawili tuliwaza jambo moja. Tulimkuta mzima, ameketi kati ya mashine, mikono magotini.

"Mbona hujawasha?" mkewe akauliza akihema.

"Nimwashie nani?"

Mwanamke yule, aliyelalamikia kelele zile tangu ndoa yao ikiwa changa, akashika kamba ya jenereta iliyokuwa karibu naye, akavuta. Akavuta tena, na tena, huku analia.

"Acha, mke wangu," Ngurumo akamwambia. "Haina mafuta."