Nilivyoiongoza Kartiye Nzima Mpaka Kwenye Beseni Langu

Nawasimulia haya kwa sababu kila mtu hapa Rumonge ameshayasimulia isipokuwa mimi, na kila anayesimulia anaongeza chumvi, mpaka juzi nimesikia kwa masikio yangu mwenyewe kwamba nililia mbele ya watu. Sikulia. Niliaibika, hilo nakubali, niliaibika mpaka nikatamani ardhi ipasuke inimeze, lakini kulia sikulia, na kabla hamjaanza kucheka mjue kwamba tulikosa wengi na nikaadhibiwa peke yangu.

Ilianza na harusi. Nilikwenda Magara kumwoza binti wa mjomba wangu, na mezani kwa maharusi waliweka bakuli la kioo lenye maji, na juu ya maji maua ya zambarau, kila ua lina doa la njano katikati, yanaelea yenyewe bila udongo bila nini. Mimi kwa maua ni mgonjwa (marehemu mume wangu alikuwa akisema nitampanda hata yeye akikaa uani muda mrefu). Nikamwomba mwenye shughuli vipande vitatu tu. Akanipa, nikavitia kwenye kindoo cha mawese, nikarudi nacho Rumonge nimekipakata njia nzima.

Nikaviweka uani kwenye beseni. Baada ya wiki mbili beseni limejaa. Nikapunguza, likajaa tena. Wanawake wa mtaani wakija kunijulia hali wanaacha salamu wanaangalia maua, "Mama Zuhura, na mimi nigawie," nikagawa, maana mimi si mchoyo, na wifi yangu Mwajuma ndiye aliyetangulia, akaondoka na sufuria nzima. Yaliyozidi nilikuwa nayamwaga kila Ijumaa nikiosha beseni, pale ukutani, kwenye tundu linalotoa maji ya bafuni kwenda mtaroni. Mtaro wetu unashuka mpaka ziwani. Sasa wewe ungefikiri nini? Ua ni ua, litakauka huko.

Kazi yangu mimi ni ndagala, hawa dagaa wa ziwani. Nanunua kwa wavuvi asubuhi, naanika kwenye vichanja vya waya pale ufukweni, na kichanja changu kilikuwa cha kwanza kabisa, hatua chache kutoka mitumbwi inapofika. Anayeanika mbele anapata samaki wazima wanaong'aa. Wa nyuma wanapata waliokwisha kupondeka. Nafasi hizo anagawa shefu wa kartiye, mkuu wa mtaa wetu. Yangu niliirithi kwa mama mkwe, na ndiyo iliyosomesha watoto wangu tangu baba yao afariki. Nikiikosa ile sina pengine pa kushika.

Mvua zilipokwisha tukaliona gugu. Limejaa kwenye kihori chetu, kile kighuba mitumbwi inamoingilia, refu kufika magotini, majani yamesimama yamebanana mpaka maji huyaoni. Injini za mitumbwi zinajisokota humo zinazima, na wavuvi wakaanza kushusha samaki upande wa pili, mbali na vichanja vyetu. Na wallahi sikulijua. Maua yangu ya kwenye beseni yalikuwa mafupi, shina limevimba kama kitunguu. Lile la ziwani lilikuwa refu, jembamba, halina hata ua moja. (Baadaye alikuja bwana mmoja wa kilimo akatueleza kwamba ni mmea uleule, ukibanana unarefuka. Angekuja mapema basi.)

Ikafika Jumamosi, siku ya kazi za pamoja, kila nyumba imetoa mtu, watu wako na majembe na mapanga, shefu akasimama pale ufukweni akasema leo tunatoa gugu. Tungelitoa, tungekwenda nyumbani tukala maharage yetu, na leo nisingekuwa na cha kuwasimulia. Lakini huu mdomo wangu. Nikasema, tena kwa sauti, kwamba kulitoa hakutoshi, kuna mtu kalileta, na nikamgeukia Mama Furaha, mama mmoja aliyetoka Uvira, ng'ambo ya ziwa, na watoto wake, ambaye kichanja chake ndicho cha mwisho kabisa kule nyuma, nikasema hili gugu halikuwepo kabla ya watu fulani kuvuka.

Mama Furaha hata sauti hakupandisha. "Mama Zuhura, miye nilivuka na watoto na sufuria. Gugu nilibebe la nini?"

"Shefu," nikasema, "tufuate mtaro mpaka tuone linakotoka. Tutakayemkuta nalo anyang'anywe nafasi yake hapa."

Shefu akawauliza watu, "Iko sawa?" Watu wakaitika iko sawa, na mwenye sauti kubwa kuliko wote nilikuwa mimi.

Tukapanda na mtaro, kundi zima, mimi mbele. Gugu likawa linaonekana hapa na pale, tena kadiri tunavyopanda linazidi kuwa fupi, wala sikujiuliza kwa nini. Tukafika nyuma ya nyumba ya Mama Furaha, mtaro uko safi upande wake, nikaudhika kabisa. Tukapinda kona. Hapo ndipo nilipoanza kuona kuta ninazozijua. Nikapunguza mwendo, nikasema labda inatosha, jua limekuwa kali. Shefu akasema tumalize. Tukafika kwenye ukuta wangu, na chini ya tundu la bafu langu limekaa moja fupi, nono, limechanua zambarau na doa lake la njano.

Mwajuma, wifi yangu wa damu ya mume wangu, mwenye sufuria nzima nyumbani kwake, akasema, "Wifi, hili si lile ua lako?"

Shefu akapiga hodi kwenye nyumba yangu, mimi mwenyewe nimesimama ubavuni pake, akaingia, akalikuta beseni. Mtu mmoja akacheka, halafu wote. Hapo ningenyamaza tu, lakini nilikuwa nimepandwa na hasira, nikaanza kutaja. Mwajuma analo. Mama Shabani analo. Mshona nguo wa pale kona analo kwenye karai. Nikafika nyumba tisa, nazihesabu kwa vidole, naona kabisa najiokoa. Shefu akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa upole, "Na hawa wote walilitoa wapi?"

Basi ikaamuliwa. Nafasi yangu apewe Mama Furaha mpaka kihori kisafike, na wa kukisafisha ni mimi. Wale tisa waliambiwa wachome ya kwao, basi, wakaenda zao. Jambo hili mpaka leo linanikera, na msiniambie lilikuwa haki.

Jumatatu nikaingia majini peke yangu, maji kiunoni, nang'oa. Wenzangu wako ufukweni wanageuza ndagala zao, na Mwajuma ananiuliza kutoka kule kama maji ni baridi. Siku ya tatu nikasikia mtu anaingia nyuma yangu. Mama Furaha, amejifunga kitenge juu. Nikafungua mdomo nimshukuru, akanikatiza.

"Usiniambie murakoze. Miye nakuja juu ya samaki, haiko juu yako. Shika kwenye mizizi."

Tuling'oa karibu mwezi mzima, na maneno tuliyosemezana siku zote hizo hayajazi ukurasa. Kihori kikafunguka, mitumbwi ikarudi, na asubuhi moja shefu akaja akatangaza kwamba nafasi yangu nimerudishiwa. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo nikihesabu. Mama Furaha hakubisha, alianza tu kukusanya ndagala zake, mbichi bado, azipeleke nyuma kwenye kile kichanja chake ambako, kwa kubebwa, zingepondeka na kuharibika kabla ya saa sita. Hakuna aliyemsaidia. Nikamtazama akibeba beseni la kwanza, la pili, na la tatu nikalishika mimi.

"Liache hapa," nikasema. "Kichanja kina pande mbili."

Akasimama. "Unasema?"

"Nasema nisamehe kwa yale niliyokutamkia mbele ya watu."

Alichukua ndagala kiganjani akaanza kuzitandaza upande wa kushoto, nami nikatandaza upande wa kulia, na hivyo ndivyo tunavyoanika mpaka leo. Tangu hapo nimeapa: ua lisilohitaji udongo halitaingia tena kwangu, na mtu akisema tumtafute mkosaji, mimi naangalia kwanza mtaro wangu unaelekea wapi. Ila kuhusu Mwajuma, hilo niulizeni mwakani.