Maombi ya Kukwepa

Mwanangu Deo, ipo Jumapili moja ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo, na ninakusimulia kwa sababu umenichosha. Umenisalimia vizuri, umenipa shikamoo yako kwa adabu, sina ugomvi na hilo. Lakini umenichosha. Tangu mavuno ya maharage ya mwaka jana kanisa limekuomba uende Nyarubungo ukawatumikie wale waumini waliofiwa na mwinjilisti wao. Mwenyewe ulisimama mbele yetu ukasema umeisikia sauti ya Mungu ikikuita. Tukapiga makofi, mama yako akalia. Tangu hapo, kila nikikuuliza unanijibu, "Bibi, bado naomba. Nasubiri uthibitisho." Umefunga. Umepanda mlimani kuomba. Umerudi umekonda, na Nyarubungo hujafika. Juzi ukaniambia kule mtandao wa simu unasumbua. Sasa kaa hapo unisikilize.

Nilikuwa msichana, nimemaliza darasa la saba, tunaishi hapa hapa Kaniha. Baba yangu, ambaye wewe hukumkuta, alikuwa mzee wa kanisa na mtu wa sala ndefu. Siku hizo gari la wagonjwa tulilisikia tu. Wanaume wa kanisa letu walikuwa na kikundi cha kubeba wagonjwa kwa ingobyi, ile machela ya miti na kamba ambayo sisi Wahangaza tulikuja nayo kutoka Ngara. Ilitunzwa nyumbani kwetu, kwa kuwa baba ndiye aliyekiongoza kikundi. Mtu akizidiwa, ndugu zake walikuja kwetu, baba akawaita wanaume, wakampeleka kituo cha afya wakipokezana mabegani.

Tulikaa pia na shangazi Koletha, dada yake baba, mjane aliyetoka Nyakisasa. Kanisani hakuwa na maneno mengi. Nyumbani alikuwa nayo.

Jirani yetu alikuwa Masanja, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake kutoka upande wa Shinyanga. Msimu huo ng'ombe wake waliingia kwenye shamba letu la mahindi, wakalisafisha. Alikuja kuomba radhi, na baba akatamka mbele ya mchungaji kwamba amesamehe. Alisamehe kwa mdomo. Sisi tuliokula naye sahani moja tulijua, maana likitajwa jina la Masanja aliacha kutafuna.

Basi Jumapili hiyo baba alikuwa amehubiri, na alihubiri vizuri, juu ya kumtii Mungu anapoita. Tukarudi nyumbani, tukaandaa chakula. Tumekula matonge machache tu, Masanja akatokea mlangoni, shati limelowa jasho. Akasema mke wake, Kabula, ameshikwa na uchungu tangu alfajiri, mtoto hatoki, na mkunga wa jirani amesema hawezi tena.

"Naomba mnisaidie ile machela, mzee," akasema. "Nisaidie na watu."

Baba hakumkatalia. Afadhali angemkatalia, tungejua moja. Alinawa mikono taratibu, akajifuta, akasema, "Ndugu yangu, jambo hili si dogo. Kikundi ni cha waumini, siwezi kuamua peke yangu. Ngoja kwanza tumwulize Mungu, halafu nitawaita wazee wenzangu tushauriane."

Akapiga magoti. Masanja hakuzijua sala zetu, akabaki amesimama, kofia mkononi. Baba akaomba hekima. Akaombea viongozi wa nchi. Akaombea mvua. Mwanangu, mimi nilikuwa mtoto lakini sikuwa mjinga. Nilijua sala ya kuomba na nilijua sala ya kupoteza muda.

Shangazi Koletha aliinuka mkekani, akaingia chumba cha ndani, akatoka akiiburuta ile ingobyi.

"Kaka," akasema, "huyo Mungu unayemwuliza ameshajibu. Amekuletea mtu mpaka mlangoni, huyo hapo anatokwa jasho. Unachoomba sasa ni ruhusa ya kutokwenda."

Baba akafumbua macho. "Koletha, unaniingilia kwenye sala."

"Hiyo si sala. Hayo ni mahindi."

Akanigeukia, "Wewe, shika huku." Kwetu wanawake hawakubeba ingobyi. Nikashika. Tukamfuata Masanja hadi kwake, tukamkuta Kabula amelala kwenye ngozi, halii tena, anatutazama tu. Tukamlaza kwenye machela. Masanja na mdogo wake wakashika mbele, mimi na shangazi nyuma. Mti ulinichubua bega mpaka nikaanza kulia, na shangazi hakunibembeleza. Tulipofika kwenye kile kilima cha njia ya kituo cha afya, miguu ikiwa imekataa kabisa, nikasikia vishindo nyuma yetu. Baba alikuwa anakuja mbio na wanaume wa kanisa.  Aliingiza bega lake chini ya mti, akampokea shangazi, na kutoka pale walikwenda karibu kukimbia.

Kabula alipona. Mtoto hakupona. Muuguzi, asiyejua lolote juu yetu, alitoka nje akasema kwa huruma tu, "Mngewahi kidogo."  Nilimwona baba akichuchumaa kando ya ukuta, amejishika kichwa.

Siku ya kuzika, baba alichimba kaburi lile dogo kwa mikono yake mwenyewe, akakataa kupokewa jembe. Kisha akamwendea Masanja. "Nilikuwa na hasira na ng'ombe wako," akamwambia, "nikamtumia Mungu kuificha. Nisamehe."

 Masanja akasema, "Mzee, nilikuona umepiga magoti. Nilidhani unaniombea."

Sijawahi kumwona baba akilia vile, si kabla ya siku ile wala baada yake.

Aliyasema yote hayo kanisani Jumapili iliyofuata, na akaomba apumzishwe kuhubiri. Wakampumzisha, wala hakudai kurudi. Ila kikundi aliendelea nacho. Akisikia hodi, alisimama kwanza. Kuomba aliomba njiani, machela begani, kwa maneno machache yanayokatwa na pumzi. Masanja aliendelea kuwa jirani yetu, na hakubatizwa mpaka anakufa, usije ukadhani kila habari inaishia kwenye maji. Naye shangazi hakumkumbusha baba jambo lile. Hapana, nisiseme uongo: alimkumbusha kila walipogombana.

Sasa nisikie, mwanangu. Sikukatazi kuomba. Mimi ni nani hata nikukataze? Lakini kuna maombi ya kumtafuta Mungu na kuna maombi ya kumkwepa, na magoti ni yaleyale. Mungu akishakuambia nenda, ukiendelea kumwuliza kama uende, humheshimu, unamsumbua. Kama kuna kitu unaogopa kukiacha, kiwe ni kazi yako ya pikipiki, kiwe ni yule binti wa sokoni unayedhani simjui, kitaje mbele zake kwa jina lake. Atakusikia. Ila usikivalishe nguo za ibada ukakiita kusubiri. Imani haikungoji mpaka uione njia yote. Utaijua ukiwa umeshatoka nyumbani, umechoka, huna jibu, na bado unakwenda. Na wakati wewe unatafuta uhakika, wale watu wa Nyarubungo wanazikana wenyewe, na watoto wao hawana wa kuwafundisha. Utii unaochelewa, kuna mtu anaulipia, na mara nyingi si wewe.

Haya. Mungu aliyekuita akutangulie. Akupe maneno pale utakapoyakosa, akupe usingizi mwema katika nyumba ya ugenini, akulinde na kiburi cha wanaosifiwa na uchungu wa wasioshukuriwa. Bwana Yesu akufanye mtu wa kuinuka upesi. Nakubariki mimi bibi yako, nimekukasirikia na ninakupenda. Na usinijibu amina ukiwa umekaa. Simama kwanza.