Mwajiri wa Mwisho wa Wakili Eufrazia

Kosa lilikuwa la Evance. Eufrazia alimwambia mumewe jambo moja tu, tena jikoni, tena kwa sauti ya chini: Ijumaa anaenda kuomba kazi yake ya zamani, na asimwambie mtu. Evance, fundi wa kiwanda cha Mzinga, mwanaume mwema ambaye hajawahi kutunza siri hata ya zawadi ya Krismasi, akaitikia vizuri kabisa. Halafu akaenda chooni na simu, akaandika kwenye group la ukoo wa mkewe: "Ndugu zangu, tumwombee mama watoto, Ijumaa ana usaili kwa Wakili Thobias."

Yaani mkwe. Kwenye group ambalo yeye mwenyewe aliingizwa kwa hisani.

Amina zikamiminika. Vikaja vikono vya kuomba, yakaja maua, shangazi mmoja akatuma keki ya birthday bila sababu inayojulikana. Kisha akaibuka Mjomba Mikaeli, ambaye kazi yake humo ni kutuma picha za kabichi zake za kule Nyandira, mlimani. Safari hii alituma voisi fupi: "Nimesikia. Nakuja."

Eufrazia aliisikiliza voisi hiyo akiwa anamsuka binti yake. Mkono ukasimama.

"Anakuja wapi?"

"Labda kukuombea," Evance akasema, macho kwenye TV. TV yenyewe ilikuwa imezimwa.

Sasa, kabla ya watoto, Eufrazia alikuwa wakili wa kesi za viwanja, wa kuogopwa mjini Morogoro. Alipopata mimba ya kwanza alimwambia bosi wake, Thobias, "Miezi mitatu tu, narudi." Akaja wa pili. Akaja wa tatu, ambaye hakuwa kwenye ratiba ya mtu yeyote. Joho lake la mahakamani likageuka hema la watoto sebuleni, na mtaa mzima wa Mafiga ukamjua kama Mama Lucy, yule anayekaangia watoto maandazi yenye maumbo ya wanyama. Hakujuta hata siku moja. Lakini mwaka huu kitinda mimba alianza shule, nyumba ikawa kimya, na asubuhi moja Eufrazia akajikuta amembana muuza mkaa kwa maswali kuhusu ujazo wa gunia, moja baada ya jingine, mpaka jamaa akaomba aachiwe aondoke zake. Hapo akajua ugonjwa wake ni nini. Akahuisha leseni ya uwakili, akaanza kusoma hukumu mpya kwenye simu huku anakoroga uji. Alitaka kitu kimoja tu: meza yake ya zamani, ile ya dirishani inayotazama mlima.

Wakili Thobias hakumpa matumaini. "Njoo tuongee," alimwambia kwenye simu. "Ila sikuahidi. Aliyeniaga kwa miezi mitatu mara ya mwisho bado namsubiri."

Ijumaa ikafika. Eufrazia akaingia ofisini, kiatu kinambana, moyo unambana zaidi. Witness, dada wa mapokezi, akamtazama kama anayetazama mgonjwa.

"Dada, pole. Wameshaanza."

"Nani na nani?"

"Bosi na mjomba wako."

Mle ndani Mjomba Mikaeli alikuwa ameketi wima, amevaa lile koti lake la kupokelea posa. Juu ya meza ya bosi kulikuwa na kapu la karoti na matunda damu, na kabichi moja kubwa imekalia faili la mtu. Eufrazia akaelewa yote kwa mpigo. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye msemaji. Anayemtaka binti lazima akae na mjomba kwanza, awe anamtaka kwa ndoa au, kwa akili za mzee Mikaeli, kwa kesi za viwanja.

"Shikamoo mjomba. Shikamoo bosi."

"Marahaba mwanangu. Kaa," mjomba akasema. "Usiongee. Bibi harusi haongei."

Thobias, Mnyamwezi wa Tabora, mtani wa Waluguru tangu enzi za mababu, alikuwa anafurahia kama mtu aliyelipwa. "Wakili, mjomba wako ananiuliza kama ofisi yangu ina choo cha ndani."

"Ni swali la kawaida," mzee akasema. "Na Evance nilimuuliza."

"Mzee, kwenu nyie mwanaume ndiye anahamia kwa mke. Leo mnifundishe mimi kuoa?"

"Na nyie babu zenu walipita hapa na mizigo vichwani, wakaomba maji. Tuliwapa. Kwa hiyo nisikilize."

Thobias akanyoosha mikono juu. "Nasikiliza. Ila binti yenu alisema miezi mitatu. Miaka yote hiyo alikuwa anafanya kazi wapi?"

"Kwangu."

Eufrazia akafumba macho.

"Alikuwa analea watoto. Watoto ni wa nani? Wa Evance? Evance tumemwazima tu. Ni watoto wa ukoo, na ukoo ni mimi. Kwa hiyo hakuacha kazi, alihamishwa. Mwajiri wake wa mwisho ni mimi, na nimekuja kumruhusu."

Hata Witness aliyekuwa amebana sikio mlangoni alisahau kujifanya anapita. Thobias akacheka mpaka akavua miwani, kisha akairudisha, na uso ukabadilika. Ulikuwa uso wa mahakamani sasa.

"Sawa, Wakili. Huyu ni shahidi wako, na ushahidi wake nimeusikia. Mimi ni upande wa pili. Ukitoka naye salama hapa, meza ni yako. Ukishindwa, nabaki na karoti." Akamgeukia mzee. "Mzee Mikaeli, huyu binti bado ni kijana, siyo?"

"Mbichi kabisa."

"Na ukoo wenu unapenda watoto?"

"Ukoo gani usiopenda watoto?"

"Kwa hiyo atazaa tena."

"Atazaa. Kwani kuna nini? Wawili zaidi, wakipatikana."

"Na wewe utamhamisha tena."

"Lazima. Ukoo kwanza."

Thobias akaegemea kiti chake taratibu, kama mtu aliyeshiba. "Sina swali lingine."

Mjomba akamgeukia mpwa wake akitabasamu. Aliamini ameshinda. Eufrazia akaiona meza ya dirishani inakwenda zake, na wala haikuchukuliwa na bosi, imechukuliwa na mtu wa koti la posa. Akasimama.

"Mjomba, mara ya mwisho kuniambia nifanye kitu, nikafanya, ni lini?"

"Pingamizi," Thobias akadakia. "Unamshambulia shahidi wako mwenyewe. Sheria umeisahau?"

"Sijasahau. Shahidi amenigeuka, naomba ruhusa ya kumhoji kama wa upande wa pili."

Thobias akamwashiria kwa mkono. "Endelea."

"Mjomba, ulinikataza kusoma sheria. Nilisoma, sikusoma?"

"Ulisoma."

"Ulitaka niolewe na yule mwalimu wa Nyandira, mwenye pikipiki. Niliolewa naye?"

"Hukuolewa. Ukaokota huyu wa Mzinga."

"Wa tatu alipozaliwa ulitaka aitwe Mikaeli. Anaitwaje?"

Mzee akaangalia kabichi. "Baraka," akasema, kwa uchungu mbichi kabisa.

"Kwa hiyo, mjomba, ukisema nitazaa wawili zaidi na utanihamisha, huyu bwana achukue lipi?"

Mjomba Mikaeli akafikiri. Alikuwa mtu wa haki, hilo hakuna aliyewahi kumnyima.

"Achukue kwamba hutazaa," akasema. "Na kwamba hutahamishika. Huyu, bwana Thobias, hata jembe hajawahi kushika nilipomwambia ashike."

"Sina swali lingine," Eufrazia akasema, akakaa.

Thobias akachukua karoti moja kapuni, akaifuta kwa leso, akaitafuna bila haraka.

"Umemmaliza shahidi wako."

"Nimemwokoa mteja wangu."

"Jumatatu uje mapema. Meza yako Witness amejaza maua ya plastiki, mgombane wenyewe." Akamgeukia mjomba. "Mtani, umenipa mke mkorofi."

"Harudishwi tena," mzee akasema, akifunga vifungo vya koti. "Karoti umeshakula."

Eufrazia hajafika hata Mafiga, simu ikalia. Group la ukoo, voisi kutoka kwa Mjomba Mikaeli: "Wana ukoo, nimemtafutia Eufrazia kazi. Haikuwa rahisi. Ilibidi nitumie maneno." Hongera zikamiminika kwa mjomba. Ile keki ya birthday ikatumwa tena, safari hii na sababu. Evance, ambaye alikuwa amejificha kwenye ukimya tangu asubuhi, akaweka kidole gumba.

Eufrazia akaandika ukweli wote, mstari kwa mstari, kama maelezo ya mlalamikaji. Akausoma. Akaufuta.

"Asante, mwajiri," akatuma.