Mwaka Nilioitangaza Bendi ya Misheni

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa baiskeli, kaptula na shati la kaki, na kopo la gundi ya unga. Bwana Mkuu wa shule, Mzungu mrefu asiyependa maneno mengi, alinipeleka kwenye stoo ya vyombo vya muziki.

"Wewe ni karani wa habari wa bendi," alisema. "Vijana wanapiga vizuri. Watu hawajui. Wajulishe."

Kisha akaondoka. Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu yote, ninyi mnaokaa vyuoni miaka kusomea mawasiliano.

Tulikuwa bado chini ya Mwingereza, na bendi ilikuwa ya wanafunzi wa misheni, huku kwetu Mbozi. Kulikuwa na tarumbeta, ngoma kubwa ya kubebwa tumboni, na tromboni, ile tarumbeta ndefu ambayo mpigaji huivuta na kuisukuma. Aliyewaongoza ni Mwalimu wa Bendi, askari wa zamani aliyejifunzia muziki jeshini. Mimi hata filimbi sikujua kupuliza. Nilijua taipu na stensili, yaani karatasi ya nta ambayo ukishaichapa unaipitishia wino na kutoa nakala nyingi.

Basi nikachapa. Onyesho la kwanza lilikuwa Iyula. Nikapiga pasi kaki yangu, nikapanda baiskeli, nikabandika matangazo kwenye ukuta wa baraza la jumbe na kwenye kila duka. Nilirudi kichwa kimevimba.

Siku ya onyesho vijana walijipanga, Mwalimu akainua fimbo, tarumbeta zikalia. Uwanjani hapakuwa na mtu. Wanawake walikuwa wamefunga milango, wanaume wameingia porini. Jumbe peke yake ndiye aliyekuja, akihema, akaninong'oneza, "Karani, kodi si tulishalipa?"

Kumbe ukuta ule ulikuwa wa karatasi za kodi tu, na siku zote aliyefika kijijini kwa baiskeli na kaki alikuwa tarishi wa boma, mtumwa wa serikali. Nilikuwa nimetangaza vizuri mno, kijiji kizima kikakimbia.

Bwana Mkuu hakucheka. "Misheni nyingine inaviomba vyombo hivi," alisema. "Nimemwagiza fundi seremala atengeneze makasha ya kuvisafirishia. Mwisho wa mwaka tutapiga hapa shuleni. Uwanja usipojaa, vyombo vinaondoka."

"Na vijana, Bwana?"

"Watarudi kushika jembe."

Nilikasirika. Simwinga, kijana wa tromboni, alikuwa amefanya mazoezi mpaka midomo ikapasuka. Nikaapa kwamba vyombo haviondoki.

Nilianzia kwao Simwinga, kule Ihanda. Mama yake, Nambeye, alikuwa akianika kahawa. Nikaanza kusema nikiwa bado juu ya baiskeli: "Mama, kutakuwa na onyesho la bendi ya vijana..."

"Sasa baba, ndiyo utasemea huko juu? Wa kodi ndio wanasemeaga huko. Teremka."

Nikateremka. Akanipa kigoda, akanipa togwa, akaniuliza habari za mama yangu na za shamba letu la kijijini Ruanda. Nilipokwisha kunywa ndipo akasema, "Haya, lete habari."

Nikaileta.

"Hiyo bendi ya vijana ni akina nani?"

"Wanafunzi wa misheni, mama."

"Mimi siwajui. Mtoto wangu yumo?"

"Yumo. Yeye ndiye anayepuliza tromboni."

Akaiacha kahawa. "Sasa mbona ulikuwa unanificha? Hiyo ndiyo habari yenyewe, baba!"

Kuanzia hapo nikavua kaki, nikavaa shati langu la kanisani, baiskeli nikaisukuma kwa mkono. Nilipita nyumba kwa nyumba, Iyula, Ruanda, mpaka Tunduma mpakani. Kila nilipofika nilikaa, nikanywa nilichopewa, nikangoja kuulizwa. Neno bendi sikulitaja tena. Nilisema, "Mtoto wa Nambeye wa Ihanda atapuliza," au, "Mjukuu wenu atapiga ngoma." Mfanyabiashara mmoja wa Tunduma alinisalimu kwa Kibemba, "Mwapoleni, mukwai," na aliposikia kuwa mpiga ngoma ni mtoto wa dada yake, akaahidi kuleta na ndugu wa ng'ambo ya mpaka.

Bwana Mkuu aliniona nazurura tu. "Kwa mwendo huu utamaliza lini? Chapa matangazo!"

"Nikichapa, Bwana, watakimbia tena."

"Shauri yako," alisema.

Visigino vyangu vilipasuka. Iyula walinifungia mlango, nikarudi siku nyingine. Wakanifungia tena, nikarudi tena.

Asubuhi ya onyesho uwanja ulikuwa mweupe. Makasha mapya yalikuwa yamepangwa mbele, yakinukia mbao. Nasema wazi, nilitaka kulia. Kisha wakaanza kuja, ukoo kwa ukoo, na mikeka, na vyungu vya chakula. Iyula walikuja. Lori likaja kutoka Tunduma limejaa watu. Vikongwe walikosa pa kukaa, wakayakalia makasha.

Simwinga aliposimama kupuliza peke yake, Nambeye alipiga vigelegele katikati ya wimbo, ukoo mzima ukaitikia, tromboni ikamezwa. Mwalimu wa Bendi alikunja uso.

"Hawasikilizi muziki," Bwana Mkuu aliniambia.

"Wanamsikiliza mtoto wao, Bwana."

Akawatazama wale vikongwe juu ya makasha.

"Hao," akasema, "siwezi kuwainua."

Baadaye nilifanya kazi chini ya Maafisa Habari wengi, wakali na wapole, nikatangaza kwa kipaza sauti juu ya gari mambo makubwa kuliko bendi. Hakuna lililonigharimu kama lile la mwaka wa kwanza, wala lililonifurahisha zaidi. Nilipostaafu nilipita shuleni kuviangalia vyombo. Tarumbeta zilikuwa zimebonyea, ngoma imetobolewa, tromboni haivutiki tena. Mwalimu kijana aliyenifungulia stoo aliniomba radhi kwa hali ya vyombo. Nikamwambia asiombe radhi. Vilikuwa vimechakaa hapa hapa Mbozi, midomoni mwa watoto wetu.