Wale Waliotuomba Tuwabebeshe

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi, umalize. Nikishaanza sipendi mutu anikate maneno. Habari hii haikunipata ndotoni, sikuwa nimekunywa kitu, na muke wangu Kavira yuko hai, tunaishi naye hapa Goma, mutaa wa Mapendo. Yeye hapendi niisimulie. Anasema maneno mengine ukiyatoa mudomoni yanajua njia ya kurudi nyumbani. Sawa, nimemusikia. Lakini vita vimerudi, barabara zimejaa watu wenye mizigo, na mimi siwezi kunyamaza halafu nisikie mutoto wa mutu amekufa kwa sababu ya adabu yake.

Tulikuwa vijana, ndoa yetu haijamaliza hata mwaka. Mimi ni mutu wa Butembo, Kavira ni mutoto wa Majengo, hapa hapa Goma. Tulikwenda Kisangani kutafuta maisha, tukauza nguo sokoni, na vita vikatukuta kule. Ndege zikasimama. Habari ikatufikia kwamba mama yake Kavira ni mugonjwa huku Majengo, na yuko peke yake. Ungefanya nini wewe? Tukanunua sakado mbili, ile mifuko ya mugongoni ya wanafunzi, tukatia sufuria, chumvi na blanketi, tukashika njia kwa miguu. Wawili tu, kutoka Kisangani mpaka Goma. Nasikia wazungu wanafanya hivyo kwa kujifurahisha, na wanalipa. Kila mutu na akili yake.

Joto la kule Lubutu na Walikale usiniulize. Pori lenyewe linatoka jasho. Nguo hazikauki, chumvi inageuka maji ndani ya mufuko, ngozi ya mugongo inatoka pamoja na shati. Tuligombana njia yote: juu ya maji, juu ya nani alipoteza kisu, juu ya kama tupite kushoto ama kuume. Kuna siku hatukusemeshana mpaka jioni. Lakini nilimupenda, niseme wazi, na kila tulipolala niliweka mukono juu yake nisije nikaamka ameondoka.

Tukafika Sake. Tukalala kwenye sale, ule ukumbi wa kanisa, katikati ya watu waliokimbia vijiji vya Masisi, na milio ya bunduki ilikuwa inasikika milimani nyuma yetu. Kulipoanza kupambazuka tukatoka mbele ya wengine. Goma ilikuwa imebaki kidogo tu. Barabara pale inapita katikati ya mawe meusi ya volkano, na asubuhi ile hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Nikawasha sigara yangu ya mwisho. Nilikuwa nimeiweka makusudi kwa ajili ya siku ya kufika.

Ndipo sauti ya mwanamuke ikatuita kutoka kushoto, chini ya barabara. Alisalimia vizuri, kama mutu wa familia. Tukatazama. Palikuwa na kashimo kenye majani, kina chake hakifiki mabega ya mutu aliyesimama, na ndani wamekaa mwanaume na mwanamuke wa umri wetu, wameegemea jiwe. Kila mmoja na muzigo wake. Wa mwanamuke ulikuwa umefungwa kwa kitenge, na kamba yake ya kubebea kwenye paji la uso, kama wanawake wetu wanavyobeba. Wa mwanaume ulifunikwa kipande cha plastiki, ile ya nyumba za wakimbizi, imezeeka mpaka haina rangi.

Yule mwanamuke akasema, "Mama, tumeshindwa kusimama. Mutubebeshe kidogo."

Sasa, kama wewe si mutu wa Kivu, nikueleze. Muzigo wa kamba ukishauweka chini, huwezi kujibebesha mwenyewe kama ni muzito. Lazima mutu auinue nyuma yako. Ndiyo maana kwetu mutu akikuomba umubebeshe huwezi kukataa, hata kama ni adui yako, hata kama una haraka. Kumupita ni aibu ambayo itakufuata mpaka kwa watoto wako.

Mimi nilitaka kumupita. Nilisikia bunduki nyuma, nilifikiria mukwe wangu mugonjwa, nikamwambia Kavira twende. Akanitazama kama vile nimetema mate kanisani. Akaniuliza nilizaliwa na nani. Halafu akashuka, na sakado yake mugongoni.

Mimi nikabaki barabarani navuta sigara kwa hasira, nimegeuza uso upande wa Sake niangalie kama askari wanakuja. Nilimusikia Kavira akishangaa kwamba muzigo wenyewe ni mwepesi hivi. Halafu sikusikia kitu.

Nikageuka. Niamini ama usiniamini: yule mwanamuke alikuwa amesimama, mugongo mutupu, anajinyoosha, mikono kiunoni. Na Kavira wangu amekaa pale pale alipokuwa amekaa yule, shavu juu ya magoti, anatabasamu kama mutoto anayesinzia.

Mwanamuke akasema polepole, "Aksanti, mama. Sasa nimetua."

Na mwanaume akaninyoshea mukono. "Na weye, papa. Kuja unitue."

Nilimwita Kavira, hakuinua kichwa. Nikaruka ndani. Sigara ikazimika mudomoni, yenyewe, kama imetiwa ndani ya maji. Nikavuta pumzi, ikaingia bure, haina kitu ndani. Hapo ndipo nikajua tuko wapi. Kavira mwenyewe alikuwa amenieleza zamani, tukiwa Kisangani, habari ya mazuku ya kwao: ile hewa mubaya inayotoka chini ya mawe ya volkano, haina rangi, inajaa mashimoni asubuhi isiyo na upepo, na mutu akikaa humo kupumzika hasimami tena. Alijua tangu utoto! Lakini niambie, ukiona watu wawili wamekaa shimoni wanaongea na kukusalimia, utafikiria mazuku kweli?

Nikafunga pumzi, nikainua kidevu juu, nikashika mikanda ya sakado yake nikavuta. Kavira alikuwa amekonda, pori lilimumaliza. Asubuhi ile alikuwa muzito kuliko gunia mbili za viazi. Nikavuta, nikavuta. Na nyuma yangu nikasikia mukono umeshika sakado yangu. Haukunivuta kwa nguvu. Ulishika tu, kama mutu anayekuomba usiondoke kwanza. Nilitoa mikono yangu kwenye mikanda ya sakado yangu, nikauachia mufuko wote, nikapanda na muke wangu nikimuburuta juu ya mawe.

Nilikuwa nimelala barabarani, natapika, wakati mutu wa chukudu alipofika na makaa yake. Chukudu ni ile trotineti yetu kubwa ya mbao, ya magurudumu mawili, ya kusukuma mizigo. Alikuwa papa wa makamo, mukali. Sikuwa nimesema neno, akaniuliza, "Waliomba muwabebeshe?"

Nikaitika kwa kichwa. Akatazama shimoni, na mimi nikatazama. Mawe, majani, ndege mumoja amekufa. Na sakado yangu, imesimama wima peke yake, mikanda imekaa wazi kama iko juu ya mabega ya mutu. Nilitaka kushuka kuichukua, sufuria yetu ilikuwa humo. Yule papa akanipiga kofi. Akaniambia wale wawili wanajulikana, walikuja na wale wakimbizi wa kwanza, miaka ya nyuma, wakashuka kupumzika bila kutua, na asubuhi watu wakawakuta wamekufa na mizigo yao mugongoni. Wakawazika hivyo hivyo, maana kila mutu aliogopa kugusa mizigo.

Alimupandisha Kavira juu ya makaa, tukamusukuma pamoja mpaka Majengo. Njiani yule papa alilalamika juu ya uzito mara nyingi, akaniuliza muke wangu amebeba nini. Nikafungua sakado yake nikamuonyesha: blanketi moja lenye maji maji. Hakuuliza tena.

Mama mukwe tulimukuta hai, na aliishi sana baadaye, namushukuru Mungu. Lakini jioni ile, Kavira ameshazinduka na sakado imeshatolewa, akasimama mulangoni, ameinama, hawezi kuingia. Akaniambia, "Nitue." Nikamwambia nimeshakutua. Akasema bado. Nikaenda nyuma yake nikaweka mikono hewani, nikiona haya mbele ya mama yake, nikainua. Ndugu yangu, palikuwa na kitu. Mikono yangu iliteremka mpaka chini na sakafu ya mbao ikalia. Halafu Kavira akanyooka, akaingia, akalala.

Ndivyo inavyokuwa kila jioni tangu siku ile. Hospitali walipiga picha ya mugongo wake, wakasema ni mugongo muzuri. Padri aliombea, akamwagia maji, jioni Kavira akasimama tena mulangoni. Mama yake alijaribu kumutua, watoto wetu walipokua wamejaribu; mikono yao inapita, haigusi kitu. Ni mimi tu. Labda kwa sababu ni mimi niliyemutoa kule, sijui. Sijui!

Mara moja tu nililala mbali. Baba yangu alifariki Butembo, nikaenda kuzika, na mapigano yakakata barabara ya Rutshuru wakati wa kurudi. Nilipofika nilimukuta Kavira amesimama ameegemea ukuta, miguu imevimba, watoto wanamulisha kwa kijiko. Hakuwa amelala wala kukaa tangu nilipoondoka. Hakunilaumu. Aligeuka tu, akanipa mugongo. Nililia siku ile kuliko nilivyomulilia baba.

Wewe unayekimbia leo na mwenzako, na mizigo yenu, nisikilize. Mutu akiwa chini ya barabara, mahali pa shimo, akakuomba umubebeshe, usimutukane. Mujibu kwa heshima: panda huku juu, nitakubebesha hapa. Aliye muzima atapanda, hata kwa kutambaa. Asiyepanda muachie muzigo wake, na aibu hiyo uibebe wewe, ni nyepesi.

Mimi nimezeeka. Mikono yangu imeanza kutetemeka, na juzi jioni niliinua mara mbili ndipo ule muzigo ukatoka. Kavira alihisi, akaingia, akalala. Kufa sikuogopi. Ninaogopa jioni itakayofuata kifo changu, Kavira amesimama mulangoni, na hakuna wa kumutua.